Daftari la Joto

Sista alijua kuna jambo kabla hata hajaweka mkoba chini. Friji ya zahanati ilikuwa inanguruma. Miaka kumi na minne ameishi na friji ile kama mtu anavyoishi na mkwe, anajua ikinuna, anajua ikiridhika, na hakuwahi kuisikia ikinguruma mfululizo namna ile. Alikuwa ametoka hospitali ya macho, safari ya siku tatu kwenda na kurudi, vumbi hadi kwenye kope, mkono mmoja umemshika mumewe. Alimwachia mume ukuta aushike, akafungua chumba cha chanjo.

"Hata maji hatujanywa, mama," mumewe alilalamika akiupapasa ukuta. Alikuwa fundi viatu, na watu wote walimwita Fundi hata baada ya macho yake kubaki kujua mchana na usiku tu. "Yawe ya moto, yawe ya vuguvugu, mimi nimezoea. Kukaa na friji miaka kumi na minne na kunywa maji ya vuguvugu, hiyo nayo ni kazi."

Sista hakucheka. Kipimajoto kilichoning'inia katikati ya rafu kilionyesha nyuzi sita chini ya sifuri. Chupa za maji alizozipanga chini kabisa ili kutuliza baridi zilikuwa zimeganda na kuvimba matako. Kitufe cha baridi kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho, mahali ambapo yeye hakuwahi kukifikisha. Na daftari la joto, lililofungwa kwa kamba kwenye mpini wa friji, lilikuwa limejazwa vizuri kwa mwandiko wa shule: Jumatatu jioni, tano. Jumanne asubuhi, tano. Jumanne jioni, tano. Jumatano asubuhi, ambayo ilikuwa leo, tano.

"Redio!" aliita.

Redio ndiye binti yao wa pekee, miaka kumi na tisa, amemaliza shule na anasubiri chuo ambacho nacho kinamsubiri. Baba yake alimpa jina hilo kwa sababu hakuna habari iliyompita wala iliyobaki tumboni mwake.

"Shikamoo mama! Mmefika? Wamesemaje macho ya baba?"

"Nani amegusa hiki?"

"Kipi?"

"Usiniulize kipi."

Binti alitazama kitufe, akamtazama mama. "Mimi. Jumatatu jioni walitangaza kwamba Jumanne umeme utakatika kutwa nzima. Nikasema nikiiongeza baridi mapema, itaishika mpaka umeme urudi. Nilitaka kusaidia, mama."

"Na umeme ukakatika?"

"Haukukatika."

Fundi alicheka peke yake kule mlangoni, kicheko kikavu. "Miaka yote wanakata bila kutangaza. Safari hii wametangaza, wakasahau kukata."

"Na hizi tano?" Sista aliweka kidole kwenye daftari. "Uliziona wapi?"

Binti aliinamisha kichwa. "Kila siku unaandika tano, mama. Sijawahi kuona ukiandika kitu kingine."

"Naandika tano kwa sababu nimeangalia nikaona tano. Wewe uliangalia?"

Binti alianza kuizungusha kamba ya daftari kidoleni.

"Nimekuuliza kwa heshima, nijibu kwa heshima. Uliangalia?"

"Hapana."

Sista alikivuta kiti akakaa, kwa sababu swali lililobaki lilihitaji mtu aliyekaa. "Muuguzi wa zamu alikuja leo asubuhi?"

"Alikuja, amechanja watoto kumi na mmoja. Alikuwa na haraka, akanituma nimletee vichupa. Vingine vilikuwa vigumu, nikavifumbata mkononi mpaka vikayeyuka, ndipo nikampa. Sikutaka watoto wachomwe kitu cha barafu."

Alilisema hilo la mwisho kwa fahari kidogo, masikini ya Mungu, kama mtoto anayeonyesha alivyokunja nguo vizuri.

Sista alichukua kichupa kimoja cha chanjo ya watoto wa miezi miwili. Za matone huvumilia baridi, hizo hakuwa na wasiwasi nazo. Hizi za sindano ndizo. Akakitikisa mpaka kikawa cheupe kama maji ya mchele, akakisimamisha juu ya meza na kumwambia binti akitazame. Kichupa kizima hukaa na weupe wake muda mrefu. Hiki hakikumaliza nusu saa. Vipande vidogo vilishuka chini vikajilundika, na juu yake pakabaki maji matupu.

"Nyama ikiganda ukaiyeyusha, bado ni nyama," Sista alisema. "Hii ikiganda imekufa. Ulichokifumbata mkononi ni maiti."

"Wale watoto watadhurika?"

"Hawatadhurika. Hawatapata kitu chochote, ndiyo ubaya wake. Kadi imeandikwa amechanjwa, mama yake amelala usingizi, na mwilini hamna kinga. Siku ugonjwa ukija, watasema ni kazi ya Mungu."

Redio alianza kulia. Mama yake hakumnyamazisha. Wala hakumpiga, jambo ambalo binti angelipendelea.

*

Mratibu wa chanjo alifika jua likielekea kutua, na si kwa sababu ya simu ya Sista peke yake. Kesho yake, Alhamisi, ndiyo ilikuwa siku ya kufungua Wiki ya Chanjo, na zahanati hii ndogo ilikuwa imechaguliwa kwa kuwa rekodi zake zilikuwa safi kuliko zote. Turubai lilikuwa limeshasimama uwanjani. Vijana walikuwa wanafunga vibendera vya taifa kwenye kamba, na kitambaa kikubwa kilichoandikwa CHANJO NI UZALENDO kilipepea kati ya nguzo mbili.

Mratibu alikuwa mtu mwenye umri wa kuzaliwa na Sista, na labda ndiyo sababu alipenda kumwita "mama" kwa sauti ya mtu anayeita mfanyakazi wa ndani.

"Mama, nani mwingine anajua?"

"Mimi, mume wangu na mwanangu."

"Basi hajui mtu. Zikoroge, zitumie kesho. Hazidhuru."

"Kutodhuru si kazi ya chanjo, Mratibu."

"Unanifundisha?" Aliwatazama Fundi na Redio waliokaa kwenye benchi la wagonjwa, kana kwamba anawaalika kumcheka. "Basi sikiliza. Usiku huu nitakuletea nyingine kutoka stoo yangu, ndani ya sanduku la baridi. Wa kesho watachanjwa chanjo nzima, umeridhika? Hizi tunazitupa, na wewe unaandika kwenye daftari: Jumatano jioni umeme ulikatika, friji ikapata joto, dawa zimeharibika. Umeme hauna wakili. Hatauliza mtu."

"Na wale kumi na mmoja wa leo asubuhi?"

"Daftari linasema nini leo asubuhi?"

Mratibu akaligonga daftari kwa kidole.

"Linasema tano. Basi walichanjwa vizuri."

"Ni wewe uliyeniambia kwa simu nimwachie mtoto ufunguo," Sista alisema polepole. "Niliomba mtu wa kushika zamu siku zote tatu. Ukasema nenda tu, mtoto ashike, muuguzi atakuja Jumatano."

"Una karatasi yangu?" Hakuwa nayo, na wote wawili walilijua hilo. "Ukiandika ukweli wako, itaonekana umemwachia mali ya serikali mtoto asiye na kazi wala cheti. Hiyo si barua ya onyo, mama. Mwezi huu hauishi utakuwa umerudisha ufunguo, nyumba na kadi ya bima. Mzee anafanyiwa macho lini?"

"Tarehe kumi na mbili mwezi ujao," Fundi alijibu kutoka kwenye benchi, kwa adabu, maana ameulizwa yeye.

"Kwa bima ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Haya." Mratibu akaenda kwenye gari, akarudi na kreti ya soda za wageni. Akaifungua friji, akasukuma vichupa kando kwa kiwiko, akaanza kuzipanga chupa mojamoja. "Si dawa imeshakufa? Friji itupoozee soda za mgeni rasmi."

Sista hakuwahi kuweka humo hata jagi la maji ya mwanawe alipokuwa na homa. Alisimama akiitazama mikono ya Mratibu ikipanga soda, na mikono yake mwenyewe ilikuwa imeshikana mbele kama ya mwanafunzi. Redio alimtazama mama yake akiwa amesimama vile na akatamani ardhi immeze, yeye, si Mratibu.

*

Chakula cha jioni hakikuliwa. Sahani zilikaa mezani zikapoa kama watu wanaosubiri kuambiwa waondoke.

"Nitaandika umeme," Sista alisema.

Redio aliinua macho. "Mama."

"Kula."

"Na wale kumi na mmoja?"

"Nitawafuata nyumbani mmojammoja, niwaambie mama zao wawarudishe."

"Uwachanje kwa dawa gani? Kadi zao zimejaa. Dawa inahesabiwa kwa kadi, wewe ndiye uliyenifundisha. Hutapewa hata tone."

"Nimesema kula!"

Hakuwa amewahi kumfokea hivyo. Fundi alikohoa, akatafuta glasi kwa vidole, akaipata. "Mwache mama yako, Redio. Mama yako maisha yake yote alidhani serikali ni yeye."

"Ni mimi," Sista alisema. "Mtu akija hapa na mtoto mgongoni, serikali anayoiona ni nani? Hakuna nyingine njia hii. Ni mimi na friji." Akafunika uso kwa kanga. "Na wewe lazima uone, baba Redio. Siwezi kukuongoza chooni mpaka tufe. Nimechoka. Naomba Mungu anisamehe, nimechoka."

Hapo Redio aliogopa kuliko alivyoogopa mchana. Alimjua mama yake tangu utotoni kuwa mtu wa kusimama wima wimbo wa taifa ukipigwa redioni, hata akiwa na sufuria mkononi, hata akiwa peke yake jikoni, na yeye akimcheka kichinichini. Alimjua kuwa mtu anayemwamkia mfagiaji wa zahanati kwa shikamoo kwa sababu tu amemzidi miaka miwili. Alimjua kwa daftari: usifute kamwe, mwanangu, usiweke wino mweupe, usichane, ukikosea, piga mstari mmoja ili alichoandika mtu aliyekosea kisomeke, andika lililo kweli pembeni, weka sahihi na tarehe. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kuchoka.

Fundi naye hakusema kwamba macho si kitu. Angekuwa mwongo. "Mimi viatu nashona kwa vidole," alisema, "lakini nyuso haziji kwenye vidole. Nimeanza kusahau mmekaaje." Kisha akaomba apelekwe kulala.

*

Asubuhi Redio alitumwa dukani kununua majani ya chai. Mwenye duka alikuwa na mtoto wake mgongoni, mmoja wa wale kumi na mmoja, mnene, mwenye soksi mguu mmoja.

"Msaidizi wa Sista!" mwenye duka alimwita kwa furaha. "Jana hata hakulia. Nimeambiwa ni wewe uliyempashia dawa mkononi. Mungu akubariki mwanangu. Chukua majani, usilipe."

"Nitalipa."

"Nimesema usilipe. Sasa nalala usingizi. Wa kwanza nilimzika kwa kifaduro, unajua? Huyu nimesema hata mvua inyeshe mawe, atachanjwa."

Redio aliacha pesa juu ya kaunta na kuondoka bila majani ya chai. Nyumbani mama yake alikuwa anavaa sare, baba anapakwa mafuta ya viatu kwenye viatu vyake mwenyewe na vijana wa turubai waliomwonea huruma. Ufunguo wa chumba cha chanjo ulikuwa kwenye msumari. Hakuna aliyemwona akiuchukua, na kwa kweli hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtazama.

*

Mgeni rasmi alifika amechelewa kama wageni rasmi wanavyofika. Wimbo wa taifa ulipigwa kwa spika yenye mkwaruzo, na Sista alisimama wima kwa sare yake nyeupe, kidevu juu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na watu wa mbele wakanong'onezana kwamba mama huyu anaipenda nchi yake. Mgeni rasmi alilisema hilo hilo kwenye hotuba. Alisema uzalendo si maneno. Akalisema kwa maneno ya dakika arobaini na tano, huku watoto wachanga wakilia kwenye jua na mama zao wakipewa vibendera vya kupepea.

Soda ziligawiwa. Fundi, aliyekalishwa mstari wa mbele kwa kuwa ni mume wa mwenyeji, alipewa ya kwanza.

Kisha msafara ukaelekea chumba cha chanjo kukagua, na daktari mmoja mzee kutoka makao makuu, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaomba kuona daftari la joto. Mratibu alimsogelea Sista sikioni. "Hujaandika mpaka sasa? Andika upesi, nawachelewesha mlangoni kwa hadithi ya friji." Na kweli akasimama mlangoni akaanza kueleza historia ya friji.

Sista alifungua daftari kwenye ukurasa wa wiki hii, kalamu mkononi.

Tano zote nne zilikuwa zimepigwa mstari mmojammoja, ulionyooka kwa rula. Bado zilisomeka. Pembeni ya kila moja, kwa mwandiko wa shule: *Sikuangalia. Friji iliganda.* Na chini ya ya nne, kwa herufi zilizobanana kwa kukosa nafasi: *Watoto 11 wamepewa iliyoganda. Nilivipasha mkononi. Mama hakuwepo.* Kisha sahihi yake, jina lake kamili lile la cheti cha kuzaliwa, ambalo nyumbani halikutumika.

Mratibu aligeuka, akaona uso wake, akaja kutazama juu ya bega lake. Alisoma. "Chana," alinong'ona. "Chana ukurasa huo sasa hivi."

"Kurasa zina namba," Sista alisema, kama mtu anayeota.

"Mama, mumeo! Mfikirie mumeo!"

Alimfikiria. Alimfikiria kwa moyo wote, na tarehe kumi na mbili, na kitanda kilichoshikwa kwa jina lake katika hospitali ile yenye harufu ya dawa ya sakafu. Binti yake alikuwa amesimama kwenye kona karibu na ndoo ya kunawia, akimtazama mama kama mtu anayesubiri hukumu. Daktari mzee alikuwa anakuja, anafuta miwani yake.

"Redio. Njoo hapa."

Binti akaja.

"Umekosea."

"Mama, nisamehe, nilishindwa, yule mwenye duka ali..."

"Hukuweka tarehe." Sista akampa kalamu. "Ukikata, unaweka na tarehe. Nimekuambia mara ngapi?"

Redio akainama akaandika tarehe, mara nne, na mama yake akalishika daftari lisiteleze. Mratibu akatoka nje. Daktari mzee akasoma ukurasa wote kimya, akausoma tena, akauliza majina ya watoto kumi na mmoja yako wapi. Sista akampa rejista. Daktari hakusema kazi nzuri wala kazi mbaya. Alisema barua itakuja kwa njia ya kawaida, na watoto hao waitwe leo hii, dawa itatoka kwenye sanduku la baridi alilokuja nalo mwenyewe.

"Anza na wa dukani," Sista alimwambia binti yake, na binti akatoka mbio.

Yeye alitoka polepole. Uwanjani watu walikuwa wanapiga makofi kwa jambo jingine. Fundi alikuwa bado kwenye kiti chake cha mbele, chupa tupu ya soda imeshikwa kwa mikono miwili.

"Ilikuwa baridi," alisema aliposikia hatua zake. Hatua zake alizijua. "Baridi mpaka meno yameuma. Nikasema, basi leo friji ile imekuwa friji kama za watu wengine." Akamgeuzia uso. "Umeandika?"

"Mtoto ameandika."

"Ya umeme?"

"Ya kweli."

Fundi aliizungusha chupa mikononi. Mdomo wake ulicheza, ukatulia. Kisha akaiweka chupa chini, akiipapasia mahali ambapo haitaanguka, akamvuta mkewe akae kiti cha pili, kile kilichokuwa cha Mratibu.

"Basi kaa hapa nikuone," alisema, akaleta vidole vyake vigumu vya kushonea viatu usoni mwake, mbele ya watu wote, akaanza na paji la uso.